Kilomita Elfu Nane kwa Lori

"Kilomita elfu nane! Na wewe ukaniambia masaa tisa na nusu!"

"Ni masaa tisa na nusu, Baba. Kwa ndege."

"Kwani mimi naendesha ndege?"

Nikainamia tyubu ya tairi, nikaendelea kuipiga msasa. Baba yupo kwenye lori la saruji tangu sijazaliwa. Kwake hakuna mbali wala karibu, kuna masaa. Kwa shangazi masaa manne, mpakani kumi na mbili. Dada alipopata kazi ya unesi huko ng'ambo aliogopa kumwambia, akanituma mimi. Nikasema masaa tisa na nusu. Mzee akacheka: "Hapo tu? Si karibu kuliko mpakani!" Akakubali. Nilijua amepiga hesabu ya lori, nikafunga mdomo. Sikudanganya. Ila roho ilinisuta.

Sasa madereva wenzake wamemwangalizia umbali kwenye simu, na kanifuata hapa gereji na kipande cha mfuko wa saruji kimejaa hesabu.

"Hamsini kwa saa. Masaa mia na sitini. Nikiendesha masaa manane kwa siku, siku ishirini! Na hiyo bahari sijui naivuka na nini. Mwanangu akiugua huko, akisema Baba njoo, namfikia lini?"

"Ndege ni kesho, Mzee. Hasira zimechelewa," akadakia Kiraka, fundi mwenzangu.

"Funga bakuli lako, Kiraka! Kesho haendi mtu!"

"Baba."

Dada alikuwa mlangoni, bado na sare ya hospitali. Sijui alisimama pale tangu saa ngapi.

"Siku Mama alipozidiwa, ulikuwa umbali gani?"

Mzee akamwangalia. "Masaa sita."

"Ulimkuta?"

Lori lilikwama kwenye foleni ya mizani, akafika kesho yake, kitanda cha wodini kimeshatandikwa shuka nyingine.

"Mimi na huyu tulikuwa tumemshika mkono," Dada akasema. "Karibu kuliko hapo hakuna. Tulifanya nini? Tulimwangalia tu. Huko wananipa kazi ya mashine za figo, Baba, zile alizozikosa Mama. Hapa naziona kwenye picha."

Mzee akakunja ile karatasi ya hesabu, akaikunja tena, mpaka ikagoma kukunjika. Akaitia mfukoni.

"Uwanjani anakupeleka nani?"

"Nimeita teksi."

"Teksi!" Kama ametukanwa. "Mwambie asije. Saa kumi alfajiri uwe umeshavaa, injini yangu inachelewa kupata moto."

Dada akaziba mdomo kwa kiganja. Mimi nikaweka msasa chini. "Basi nitapakia masanduku..."

"Wewe unabaki. Utamuaga nyumbani."

"Baba, ni dada yangu!"

"Na mimi ni baba yako. Ulijua nimekosea hesabu ya masaa, ukaniacha nikicheka."

Nikauokota tena msasa. Akageuka, akaenda zake.