Mkia wa Nyangumi kwenye Robota

Kraaa. Kimya. Kisha kraaa nyingine, ndefu zaidi, kama mtu anayechana shuka jipya kwa hasira.

Kila aliyeishi Xiaobei, mtaa wa wafanyabiashara wa Kiafrika mjini Guangzhou, China, anaijua sauti hiyo. Ni selotepu ya kufungia mizigo, na huvutwa tangu maduka yafunguliwe hadi yafungwe. Lakini hii ilikuwa Ijumaa, saa ya sala, na korido ya stoo ilikuwa tupu. Lulu alivua viatu, akasogea hadi kwenye mlango wa chuma, akatega sikio. Baada ya selotepu kikatikiswa kikopo cha rangi ya kupuliza, gololi yake ikigonga ndani, ka-ka-ka-ka. Halafu fsssss.

Akachungulia kwenye upenyo. Ghalib, wakala wa mizigo, alikuwa amekunja kanzu yake nyeupe ya Ijumaa hadi kiunoni, amechuchumaa mbele ya robota la khanga za Lulu. Kwa rangi nyeusi alikuwa akiufunika mkia wa nyangumi, ule mkia wa buluu ambao ndio marka ya Lulu, alama inayowaambia wapakiaji mzigo ni wa nani. Weusi ulipokauka kidogo, akapachika juu yake alama yake mwenyewe, G ndani ya duara.

Mwingine angepiga kelele jengo lisimame. Lulu alitabasamu mpaka mashavu yakamuuma. Alirudi kwa vidole vya miguu, viatu mkononi, moyo ukimdunda kama wa bibi arusi.

Imelda, mwanafunzi wa udaktari kutoka Bukoba aliyekuwa akipanga naye chumba, alimkuta kwenye mgahawa wa Wasomali, anakula wali kwa hamu asiyokuwa nayo kwa miezi.

"Umemwona?"

"Kwa macho yangu haya."

"Umempiga picha?"

"Ya nini?"

Imelda akaweka kijiko chini. "Shoga, una akili kweli? Ungempiga picha, kesho angekurudishia mzigo wako."

"Sitaki mzigo," Lulu alisema. "Nataka jina la Bibi. Na nataka amwage machozi akilirudisha."

Bibi yake, Bimkubwa, alikuwa mtunzi wa maneno ya khanga. Hakusoma shule ya maana, lakini maneno yalimjia yamekwisha kupimwa, kama nguo iliyotoka kwa fundi. Yeye alitunga Unguja, Lulu akayachapisha Guangzhou. Khanga iliyowapa jina ilikuwa na maneno haya: *Nimekuja na la kwangu, la mtu sikuazima.* Robota lake la kwanza kubwa lilikabidhiwa kwa Ghalib, na Ghalib akaja na uso wa msiba kusema limepotea bandarini. Baada ya muda khanga zilezile zikaonekana zimejaa duka lake Kariakoo. Alipoulizwa, akasema maneno ni yake, na huyo bibi wa Unguja ndiye anayemwiga.

Bimkubwa alikwenda arusini amejifunga khanga yake. Mwanamke mmoja akamcheka mbele ya ukumbi mzima. "Bibi, hata wewe umevaa maneno ya Ghalib?" Mwanamke mzima wa miaka themanini na ushei akainuka, akarudi nyumbani, akafunga dirisha. Tangu siku hiyo hakutunga hata mstari. Lulu alipompigia simu na kumwomba maneno mapya, alijibiwa, "Yameniishia, mjukuu wangu. Muombe Ghalib."

Hapo ndipo Lulu alipoikumbuka hadithi ya Durban.

Durban ulikuwa mji wa nyangumi. Babu yake Lulu, Abdulsalam, alifika huko kijana kutoka Unguja, akapokewa na watu wa mlima wa Bluff walioitwa Wazanzibari, ingawa wengi wao walikuwa wajukuu wa Wamakua waliokombolewa utumwani na kuteremshwa pale, mbali na kwao. Bimkubwa alizaliwa miongoni mwao, na baada ya kuolewa ndipo walipohamia Unguja. Chini ya mlima, kwenye mlango wa bandari, nyangumi walivutwa kwa minyororo kutoka majini, wakalazwa kwenye mabehewa ya wazi, na treni ikawazungusha hadi upande wa bahari kuu, kwenye kiwanda cha kuwachuna na kuyeyusha mafuta. Watalii walikuja kutazama wamebeba vikapu vya chakula. Wapiga chusa wengi walikuwa Wanorwe, wanatembea mjini kama maharusi, watoto wakiwafuata. Waliosimama ndani ya damu hadi magotini na visu virefu walikuwa Waafrika, Wazulu na Wazanzibari miongoni mwao, na hao hawakufuatwa na mtu ila harufu. Iliwafuata ndani ya basi. Iliwafuata hadi msikitini. Upepo ukigeuka, mabibi wa mitaa ya juu walifunga madirisha na kulaani, huku sabuni waliyoogea inatokana na mafuta yaleyale. "Mji ule ulimla nyangumi kisha ukaziba pua," Bimkubwa alikuwa akisema.

Na kule pia walikuwa na marka. Meli ikiua nyangumi mapema, haikumburuta kutwa nzima. Walimjaza hewa tumboni, wakamchomeka bendera yenye alama ya meli, wakamwacha aelee, wakaendelea kuwinda. Babu alisimulia kuhusu nahodha mmoja mwizi aliyezoea kung'oa bendera za wenzake na kuchomeka yake. Aliyeibiwa hakwenda kushtaki. Alimwacha nyangumi mmoja juani mpaka akaoza, amevimba kama kiriba, bendera imelegea, palepale kwenye njia ya mwizi. Mwizi akabadilisha bendera, akamburuta hadi bandarini kwa shangwe. Kisu cha kwanza kilipomgusa, nyangumi akapasuka. "Mji mzima ulicheka!" Babu alikuwa akipiga paja, na hadithi ikaishia hapo.

Basi Lulu naye akaandaa nyangumi wake. Alitundika sampuli ya khanga mpya kwenye kaunta ya Ghalib, nyekundu iliyokolea, yenye maneno yaleyale yaliyopendwa, akamwona anavyoipapasa kwa macho. Lakini zilizochapwa kiwandani na kubanwa kwa mashine ndani ya robota zilikuwa na maneno mengine, aliyoyatunga Lulu mwenyewe huku akiuma meno: *Ghalibu ameiiba, mtunzi yuko Unguja.* Laoban wa kiwanda, yaani bosi wake, mama mmoja mchangamfu, hakujua Kiswahili. Kwake yalikuwa mapambo tu.

Robota likifungwa kwa mikanda ya chuma, hakuna anayelifungua kabla halijafika. Lulu alilijua hilo, na Ghalib alilijua pia.

Jioni ileile ya Ijumaa walikutana kwenye lifti ya jengo la Tianxiu. Ghalib alinukia udi na rangi.

"Dada Lulu! Mbona unang'aa hivyo?"

"Nimeona kitu kizuri."

"Basi sikia kingine. Mdogo wangu Swalha anaolewa. Sare za wanawake nimeshazifunga, kontena linaondoka bandari ya Huangpu Jumapili. Khanga nyekundu. Maneno yake..." Akabusu ncha za vidole. "Wewe mwenyewe utayapenda."

Lulu alishika ukuta wa lifti. Arusini! Hakuwahi kuomba zawadi kama hiyo. Wanawake wa Kariakoo nzima wamesimama mistari, wamejifunga sare, na mgongoni mwa kila mmoja jina la mwizi. "Nakuamini," alisema. "Nitayapenda kuliko wote."

Alimpigia Bimkubwa kabla hajafika chumbani, akamweleza yote, anacheka, anakimbia kwenye ngazi.

"Bibi? Umesikia? Ni nyangumi wa Babu!"

"Nimesikia. Babu yako hakukumalizia hadithi."

"Imebaki nini?"

"Nyangumi alipopasuka, yule nahodha alikuwa wapi?"

Lulu akasimama katikati ya ngazi.

"Juu ya meli, na buti zake, anavuta kiko. Unadhani nani alishika kisu? Aliyelowa ni Abdulsalam. Utumbo uliooza ulimwingia masikioni, na ilikuwa wiki ya arusi yangu. Alisuguliwa kwa ndimu, kwa majivu, kwa mafuta ya taa. Wapi! Niliolewa na shela limefunika pua. Wageni walikula wakiwa wamekaa barazani, hakuna aliyeingia ndani. Mji ulicheka, ndiyo. Ulitucheka sisi." Akavuta pumzi. "Yeye aliigeuza kichekesho kwa sababu alikuwa mwanamume mwema. Mimi ndiye niliyekuwa bibi arusi."

"Kwa hiyo nimsamehe?" Sauti ya Lulu ilipanda. "Baada ya kukufungisha dirisha?"

"Nani kasema kusamehe? Mlipize yeye. Mlipize mpaka akome! Lakini yule msichana hajaniibia kitu."

Simu ilipokatika Lulu alikaa kwenye ngazi. Alikuwa na hasira na Ghalib, na hasira na Babu kwa kuficha mwisho, na hasira kubwa zaidi kwa sababu Bibi alisema kweli. Imelda alimkuta hapo, akakaa naye bila kumuuliza. Mwishowe Lulu akasema, "Robota lazima litoke. Ila atalitoa kwa mikono yake."

Asubuhi ya Jumamosi kaunta ya Ghalib ilikuwa imejaa watu. Mutua, Mkenya aliyesafirisha viatu, alikuwa akibishania nafasi kwenye kontena. Lulu akapenya katikati yao na kuweka mezani khanga nyekundu iliyokunjwa.

"Kaka Ghalib, nimekuletea moja ya zile zilizomo ndani ya robota lako la sare. Uifungue wewe, au niifungue mimi watu wote wasome?"

Ghalib alicheka. Akainua pindo kidogo, akasoma. Kicheko kikabaki mdomoni bila sauti, na jasho likamtoka kwenye paji la uso kana kwamba mtu amezima kiyoyozi.

"Aki Ghalib," Mutua akasema, "umeona mzimu ama ni bili ya stima?"

"Tokeni," Ghalib alinong'ona. "Tafadhalini, dakika moja tu."

"Waache wakae," Lulu alisema. "Nitasema polepole."

Ghalib akamwinamia. "Unataka kumdhalilisha Swalha? Msichana wa watu siku ya arusi yake?"

"Mimi? Nani amechukua kikopo cha rangi wakati wenzake wamesujudu? Nani amemfungia dada yake sare bila kuifungua? Kontena bado liko Huangpu. Unaweza kuliacha liende, mimi sitakuzuia. Nitakaa hapa ninywe chai, nikisubiri video za arusi."

"Sema unachotaka."

"Twende Huangpu. Nitakuambia tukifika."

Njia nzima kwenye teksi Ghalib alipiga simu, anaomba, anaapa, anawaita watu wa yadi laoban hata wasiokuwa mabosi. Kwanza walimjibu meiyou, hakuna nafasi ya kufungua, kontena limeshapangwa. Lulu alitazama dirishani na hakumsaidia kwa neno. Alikubaliwa walipokaribia geti, na sauti yake ilikuwa imekauka.

Mvua ya manyunyu ilikuwa inanyesha kwenye yadi. Robota lilikuwa nyuma ya mengine, na Lulu hakuruhusu wapakiaji waliguse. Ghalib alilivuta mwenyewe, leo hana kanzu, ni fulana iliyomganda mgongoni. Nje, juu ya kitoroli, lilisimama robota la pili, lenye khanga nyekundu halali, zenye maneno ya Bimkubwa. Lulu alikuwa amelificha kwa rafiki wa Imelda tangu mwanzo, na Imelda mwenyewe ndiye aliyelileta. Ubavu wake ulikuwa mtupu, hauna alama yoyote.

Lulu alimpa Ghalib brashi na kopo la rangi ya buluu.

"Chora."

"Nichore nini?"

"Ulichofuta."

Akachora. Wapakiaji wa Kichina walisimama kuvuta sigara na kutazama. Mkia ukatoka kama jani la mgomba lililopigwa na upepo.

"Umepinda. Futa, anza upya."

"Lulu, kwa Mungu..."

"Wangu haukuwa umepinda. Futa."

Mara ya tatu mkia ukawa mkia. Lulu akamtajia masharti yake yote, kisha akapiga simu, akaweka sauti ya juu.

"Bi Bimkubwa, shikamoo," Ghalib alisema.

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Ghalib. Wa Kariakoo."

"Simjui Ghalib. Namjua mwizi mmoja tu wa huko."

Imelda alikuwa ameinua simu yake, na safari hii alikuwa anarekodi. "Ndiye mimi," Ghalib akasema. "Maneno ni yako, Bibi. Niliyauza na kusema yangu. Sare za Swalha zinakuja na marka yenu, na arusini utaketi mbele, pembeni ya mama yangu. Mtu atashika kipaza sauti awaambie wote nani aliyeyatunga. Nami nitasema mwenyewe kuwa nilidanganya."

Mvua ikagonga bati la kontena. Halafu sauti ya Bimkubwa ikaja polepole, imepimwa, kama ilivyokuwa zamani:

"*Mkono ulioiba, leo wachora mkia.*"

Lulu alifunga macho. Miezi yote ile dirisha lilikuwa limefungwa, na sasa neno hili limetoka, limekamilika, halina hata kiraka.

Robota jipya likaingia ndani, mlango wa kontena ukafungwa. Ghalib alipangusa vidole vya buluu kwenye suruali, akaligusa kwa mguu lile robota lenye alama yake. "Na hizi? Tuzichome basi. Nitalipia."

"Hazichomwi."

"Lulu, si tumemaliza?"

Lulu alilikalia robota, akaweka simu mapajani, bado iko wazi, Bibi anasikia.

"Nakuahidi, Ghalib, na Bibi ni shahidi yangu. Hizi nitalala nazo chini ya kitanda. Siku utakayofuta tena alama ya mtu, iwe yangu au ya mwingine yeyote, nitazishusha Kariakoo na kuzigawa bure mpaka ziishe. Ya kwanza nitajifunga mimi, nije nisimame mlangoni pa duka lako, nimekupa mgongo, na sitaondoka mpaka mtaa mzima umesoma."