Mkunga wa Nyumba Hii

Kabla ya lile tangi la kioo kuingia sebuleni, mkunga nyumbani kwetu alikuwa mmoja tu: mimi. Kazi yangu ni kuzalisha, na mume wangu, fundi wa friji, aliligeuza jina la kazi likawa jina la mapenzi. "Mkunga wangu karudi," alikuwa akisema nikivua viatu, na uchovu wote wa wodi ulikuwa ukinitoka.

Kisha akaleta samaki mwembamba kama mkanda, mwenye madoadoa na mdomo usiotulia, akamweka kwenye maji ya chumvi. Samaki huyo naye anaitwa mkunga. Kiswahili, pamoja na utajiri wake wote, kilimnyima neno la peke yake.

"Mkunga amekula?" mume wangu akaniuliza kwa simu.

"Bado. Ndiyo kwanza naingia."

"Mkatie kamba mmoja vipande vidogo. Halafu angalia pampu."

Nikamkatia. Mimi nikala kiporo, nimesimama.

Wifi yangu alipokuja kututembelea, alimkuta kaka yake amepiga magoti, anamlisha samaki kwa kibano huku akimbembeleza.

"Wifi, shika mume," akacheka. "Huyu kapata mwingine, tena hanuni."

"Hana hata kope," nikasema. Nilicheka nao, lakini kicheko hakikuvuka meno.

Asubuhi moja nilitoka zamu nikakuta tangi tupu. Kifuniko kilikuwa kimesogea. Jiwe la kukikandamiza mume wangu alilisahau juu ya televisheni. Mkunga alikuwa karibu na mlango, amejaa vumbi na nywele.

Ufagio ulikuwa karibu nami kuliko maji.

"Si ulitaka kutoka?" nikamwambia. "Mlango huo."

Akafumbua mdomo, akafumba, akafumbua. Mdomo ule naujua: ni wa mtoto aliyekwisha kutoka lakini bado hajalia. Sikuamua chochote. Mikono yenyewe ililowesha taulo, ikamshika chini ya kichwa bila kumbana, ikamrudisha majini. Nikasimama pale mpaka akaanza kupumua vizuri.

Mume wangu aliingia, akaona taulo sakafuni.

"Mkunga kafanyaje?"

"Yupi? Aliyetoka au aliyemrudisha?"

Akatazama tangi, kisha mikono yangu. Akalichukua jiwe, akaliweka juu ya kifuniko polepole.

"Nililisahau."

"Umesahau mengi. Huyo mtafutie jina lingine. Mkunga hapa ni mimi."

Tangu siku hiyo samaki anaitwa Mkanda, na nikirudi kazini naitwa Mkunga, kwa sauti, hata mbele ya wageni. Nikajiona nimeshinda.

Jana nilirudi mapema. Nilikuwa mlangoni, kiatu kimoja mkononi, nikamsikia mume wangu sebuleni, sauti laini kabisa:

"Haya, kula, Mkanda wangu."

Nikabaki na kiatu changu. Kumbe nilidai jina, nikasahau kudai "wangu".