Sikio na Roka za Rola

"Mimi injini siipimi," Sikio alisema, akipangusa mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe. "Naisikiliza. Kama ina neno, itaniambia."

Maneno hayo alimwambia fundi wa viti vya magari, mwanamke wa makamo aliyekodi kona ya karakana karibu na dirisha, ambaye wote pale walimwita Shangazi ingawa hakuwa na mpwa hata mmoja mle ndani. Shangazi hakuinua macho kutoka kwenye cherehani.

"Basi isalimie," alisema.

Jina la Sikio alikuwa amejipa mwenyewe, jambo ambalo hakupenda kukumbushwa. Alimaliza sekondari akaingia moja kwa moja kwenye karakana ya mjomba wake, akabadilisha matairi na kumwaga mafuta machafu mpaka hata shuka lake likanuka mpira. Siku hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kupewa injini peke yake. Mjomba alikuwa anafungua karakana nyingine upande wa pili wa mji, na alitaka mtu wa kumwachia chumba cha kutengenezea injini hapa. Asubuhi, kabla ya kuondoka, alimwonyesha gari la dereva mmoja wa mashindano. Mfuniko wa valvu ulikuwa umeshavuliwa, na boksi la roka mpya lilikuwa juu ya meza.

"Zifunge hizi," alisema. "Nikirudi nitaangalia. Zikikaa sawa, ufunguo wa chumba ni wako. Zisipokaa, nitamleta fundi wa nje, na wewe matairi yako yapo, hayajaenda popote."

Roka hufanya kazi kama ule ubao ambao watoto hupandishana na kushushana. Upande mmoja husukumwa kutoka chini na fimbo nyembamba ya chuma iitwayo pushirodi, na upande wa pili huiminya valvu, mlango mdogo wa hewa na moshi, ifunguke. Za zamani za gari hili zilikuwa na mdomo butu uliosugua ncha ya valvu kila zilipoinama. Hizi mpya zilikuwa na kigurudumu mdomoni, yaani rola, ili zibingirike badala ya kusugua. Zilikuwa zinameremeta kiasi kwamba Sikio alizipiga picha kabla ya kuzigusa.

Alirudishia pushirodi zilezile za zamani, akaketisha roka mpya juu yake na kukaza nati. Kila moja aliitikisa kwa kidole na kuitegea sikio, kichwa amekilaza upande kama kuku aliyehisi mwewe. Aliporidhika, aliweka spana kwenye boliti ya puli ya mbele na kuizungusha injini kwa mkono.

Ki.

Mlio ulikuwa mdogo, mkavu. Cherehani ikanyamaza.

"Hiyo imekuambia nini?" Shangazi aliuliza.

"Inajinyoosha tu."

"Pole yake. Imelala vibaya."

Akazungusha tena. Ki, palepale. Safari hii aliinama, akaleta jicho karibu, na alichokiona hakikuhitaji sikio. Rola ilikuwa imening'inia ukingoni mwa ncha ya valvu kama mlevi kwenye ukingo wa mtaro. Ikiachwa hivyo ingeisukuma valvu ubavuni badala ya kuisukuma chini, na baada ya mbio mbili tatu valvu ingeanza kucheza kwenye nyumba yake, gari litoe moshi, na dereva aje kuuliza ni nani aliyelishika.

Njia ya kujua aliijua. Mjomba aliwahi kumwonyesha: unapaka wino kwenye ncha ya valvu, unazungusha, unasoma rola imepita wapi. Lakini mtu aliyetangaza kwamba hapimi ataanzaje kuomba wino? Alitazama nje. Rundo la matairi lilikuwa pale mlangoni, limetulia, halina haraka naye.

"Shangazi," alisema, na sauti ilikuwa imeshuka ngazi kadhaa. "Una ile kalamu yako ya kuchorea ngozi?"

"Ya kusikilizia?"

"Shangazi, jamani."

"Njoo uichukue."

Alipandisha pistoni juu kabisa ili valvu isidumbukie ndani, akatoa springi nzito za valvu na kuweka zile laini za kupimia. Ukutani akatungua pushirodi ya kupimia, ile yenye nyuzi katikati, unayoweza kuirefusha na kuifupisha kwa kuizungusha. Akaiweka sawa na urefu wa zile za zamani, akapaka wino. Kisha akagundua kwamba hawezi kuzungusha injini huku ameikodolea roka macho.

Shangazi alikuja na kastabini bado iko kidoleni. "Nizungushe mpaka wapi?"

"Mizunguko miwili kamili. Polepole."

Sikio alipoivua roka, wino ulikuwa umefutika kwa upana kama ulimi wa ndama, tena umeelemea upande wa ekzosi, kwenye bomba la moshi.

"Ni fupi," Sikio alitangaza, na kuirefusha pushirodi.

Wakarudia. Alama ikaelemea zaidi, rola karibu ianguke.

"Sasa hiyo inataka kushuka kwenye gari," Shangazi alisema.

Sikio alianza kuifupisha, akihesabu mizunguko ya nyuzi kwa vidole na kwa sauti, kwa sababu akihesabu kimya alikuwa anapotea. Shangazi akazungusha tena. Safari hii wino ulifutika kwa mstari mwembamba, katikati ya ncha, umenyooka kama mshono wa fundi anayelipwa vizuri. Valvu ya pili, ya ekzosi, nayo ikatoa vivyo hivyo. Akapima urefu wa pushirodi hiyo kwa kalipa, kile kipimo chenye taya mbili, akapiga simu duka la spea, na seti mpya ya urefu huo ikaletwa na pikipiki. Akarudisha springi nzito, akafunga zote, akarekebisha nafasi kati ya roka na valvu kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia, akazungusha. Injini haikusema kitu.

Angeishia hapo mambo yangekuwa mazuri. Lakini alifuta wino wote, akatundika vifaa vya kupimia ukutani kama havijaguswa, na mjomba aliporudi alimkuta ameegemea meza, miguu amepishanisha.

Mjomba alizungusha injini taratibu, akaitazama roka moja baada ya nyingine.

"Zimekaa," alisema. "Na hizi pushirodi ni mpya."

"Za zamani zilikuwa ndefu, mjomba."

"Ulijuaje?"

"Nilizisikia."

Mjomba alivua miwani. "Hukupaka wino?"

"Wino wa nini tena, na masikio ninayo?"

"Basi vua zote," mjomba alisema, bila kupandisha sauti. "Mtu anakwenda kukimbia na gari hili. Halitoki hapa kwa kubahatisha, hata kama bahati yenyewe imekaa vizuri. Kesho atakuja fundi wa nje azipime."

"Na chumba?"

"Chumba kina ufunguo, na ufunguo uko mfukoni mwangu."

Sikio akachukua spana na kuinamia nati ya kwanza.

"Usimvulishe bure," Shangazi alisema kutoka dirishani. "Amepima. Amepima mara tatu, na ya pili aliikosea kabisa, akairefusha badala ya kuifupisha. Aliyekuwa anazungusha ni mimi, bega lote linaniuma. Alikuwa anahesabu kwa vidole, kwa sauti, kama mtoto wa darasa la kwanza."

Spana ya Sikio ilikuwa imesimama juu ya nati. Mjomba akatoa ufunguo mfukoni na kuuweka mezani, karibu na boksi tupu la roka.

"Kwa vidole?" aliuliza.

"Vya mkono mmoja tu, mjomba."

"Yote miwili," Shangazi alisema, na kuendelea kushona.