Joto la Bibi Yasinta

Saa nane mchana Loyce, mpishi wa nyumba ya wasio na makao pale Mkata, alikuwa anachekecha chenga za mkaa kwa chekeche la unga. Mkaa wenyewe ulikuwa umekwisha. Mwaka ule kila kitu kilipanda, wafadhili wakaandika kwamba hata kwao hali ni ngumu, na foleni ya getini ikafika mpaka barabarani, kwa wachoma mahindi. Pembeni yake Bibi Yasinta, mmoja wa waliohifadhiwa humo, alikuwa anachambua maharage, ungo juu ya mapaja. Maharage yakaanza kunukia kama ya kukaanga.

"Bibi, mbona yanaungua?"

"Ni mimi, mwanangu. Naona nimepata joto."

Loyce akauondoa ungo, akateleka sufuria pale pale mapajani. Maji yakachemka. "Basi tulia hivyo hivyo," akasema. Siku hiyo watu walikula mapema.

Watu wa Mkata hawashangai hovyo. Mwenyekiti wa kamati, Mzee Semboja, alikuja, akafunua sufuria, akaonja, akasema chumvi imepungua. Kisha akamshukuru Mungu kwa niaba ya kamati.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," alimwambia bibi kwa upole.

Bibi Yasinta hakukataa. Alizaliwa Lutindi, akaolewa Korogwe, na mumewe alipofariki shemeji zake waliuza nyumba yeye akiwa kanisani. Alichokitaka sasa ni kile kitanda chake cha chuma karibu na dirisha, asirudi kulala stendi. Alijua mtu anayeivisha chakula cha nyumba nzima hawezi kutolewa nje. Hapo ndipo alipojidanganya, masikini.

Usiku ule ule godoro lake likaungua, likatoboka tundu la ukubwa wa sahani. Asubuhi kamati ililigeuza upande wa pili, ikampa pamoja na kitanda Mdoe, mkulima aliyefukuzwa shamba la kukodi huko Handeni. Bibi akapewa sakafu ya saruji nyuma ya jiko.

"Saruji haiungui," Semboja alisema. Kwa hilo hakusema uongo.

Ugali ukasongwa juu yake asubuhi na jioni. Iliuma. Alisema inauma, na Loyce akasikitika kweli, akawa anateleka sufuria taratibu. Wakati wa kugawa, sahani zilipita, zikaisha.

"Loyce mwanangu, mimi bado."

"Sahani zinafuata vitanda, bibi. Kamwone mzee."

Akaenda kumwona mzee. Semboja alikuwa anasugua meno kwa mswaki wa mti, akautoa mdomoni kwa heshima.

"Bibi, tangu uzaliwe, umewahi kuona figa linadai ugali?"

Bibi Yasinta alifikiri. Kweli, hakuwahi kuona.

Mdoe alikuwa akimwekea ukoko. Baadaye ukoko nao ukaanza kugawiwa kwa zamu, akaacha. Baridi ya Juni ilipoingia, watu walikaa wakimzunguka, migongo imemwelekea, wakizungumzia bei ya mahindi. Hakuna aliyemshika mkono, maana angeungua. Alikuwa mpweke mno, na alikuwa na njaa, na kila alivyopungua ndivyo maharage yalivyochelewa kuiva. Watu wakaanza kumnung'unikia.

Asubuhi moja Loyce aliteleka sufuria, akangoja, akatumbukiza kidole. Maji yalikuwa ya baridi. Akamwita mwenyekiti.

"Umepoa, bibi?"

"Nimepoa, mwenyekiti. Namshukuru Mungu. Sasa naweza kulala kwenye godoro nisiliunguze."

"Hilo ni jema," Semboja alisema, na alimaanisha. "Ila kitanda kina mtu. Wasio na kitanda wanapanga foleni nje. Nikikupitisha wewe, hawa wengine watanielewaje?"

Mdoe alimbebea kifurushi mpaka getini. Akamwambia pole, akarudi ndani mbio, kitanda chake kisije kikapata mtu.

Jua lilipopanda kidogo, Loyce alitoka na sufuria tupu. Alipita kwenye foleni akimgusa kila mtu paji la uso kwa mgongo wa kiganja, kama mama anayempima mtoto homa. Walioko mbele walielewa upesi. Wakaanza kusugua viganja, wakajipaka joto usoni, na ile sauti ya kusugua ikashuka foleni nzima mpaka barabarani.

Bibi Yasinta alikuwa wa mwisho, ubavuni mwa jiko la mchoma mahindi. Alimsalimia mwenye jiko, akamwomba amruhusu kunyooshea mikono makaa yake kidogo tu, Loyce asije akafika akamkuta wa baridi.

"Ota, bibi," mchoma mahindi alisema. "Ila usiyamalize, mkaa siku hizi ghali."

Bibi akaota, huku akimwangalia Loyce akija.