Upande wa Pili Hadi Mwisho

Watu wa Kitale huniita Mzee Kanda, na wengi wao hawajui kama nina jina lingine. Duka langu liko nyuma ya soko, kati ya fundi wa viatu na mama anayeuza mbegu za sukuma. Ndani mna kaseti zaidi ya elfu mbili, na karibu zote hakuna anayezitaka. Vijana huja na flashi wakitaka niwajazie nyimbo, nami huwafukuza. Sina kompyuta na sitaki kompyuta. Mtu anayetaka nyimbo mia tatu kwa mpigo hataki muziki, anataka kelele ya kumzuia asisikie mawazo yake.

Kuna jambo moja ambalo sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Sisikii. Sikio la kulia lilikufa zamani, na la kushoto limebaki na vitu vizito tu, kama ngoma, gitaa la besi na injini ya lori. Sauti nyembamba, hasa za wanawake, hunifikia kama mtu anayeongea ndani ya gunia. Kwa hiyo huwatazama wateja midomo, nikakisia, nikaitikia kwa kichwa. Muuza muziki kiziwi angechekwa soko zima, na mimi sijazoea kuchekwa. Nimezoea kuwacheka wengine.

Jumamosi moja mwezi wa Machi aliingia msichana mrefu, amevaa koti la mvua ingawa mvua haikuwapo.

"Sasa mzee. Ati wewe ndiye unajua mambo ya kanda?"

Alikuwa anaitwa Chelagat, na kazi yake ilikuwa kule mpakani Suam, kuwajazia madereva wa malori makaratasi ya forodha. Babu yake alikuwa amefariki, na katika kugawana vitu wajukuu wengine walichukua ng'ombe, yeye akachukua redio kaseti kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka.

"Sina hata kanda moja," alisema. "Kule Suam jioni ni ukungu tu na lori. Nataka kuanza kukusanya, lakini si za aina moja, bana. Nataka ya kila aina. Wewe nichagulie."

Alikuwa akitamka maneno vizuri, midomo wazi, na nilipata karibu yote. Nichagulie! Ilikuwa imepita miaka mingi tangu mtu aniambie neno hilo. Nilifurahi, sitaficha, na furaha hiyo ndiyo iliyoniponza.

Nilimwambia albamu kumi zinatosha kuanzia. Lazima aanze na rumba ya Kongo, nikamwambia, lakini si ile ya kupiga kelele mwanzo hadi mwisho. Achukue ile ambayo gitaa linaanza kama mtu anayefikiria kuondoka na hajaamua. Kisha benga, ili mguu upate kazi. Taarabu moja ya Mombasa, aisikilize akiwa na hasira na mtu. Kwaya, lakini kwaya ya zamani isiyo na kinanda, watu arobaini na vifua vyao tu. Kanda za kibuyu na zeze sikuwa nazo, lakini litungu, kinubi cha nyuzi saba, nilikuwa nalo, albamu ya mzee mmoja wa kwetu iitwayo "Njia ya Naitiri", nyimbo tano kila upande, na mpigaji anakohoa kabla ya kila wimbo kama mtu anayebisha hodi. Na nikamwambia asione haya kuchukua kanda moja ya wazungu wa magitaa na farasi, kwa sababu babu yake bila shaka alizipenda.

"Ulijuaje?" aliuliza, macho yamemtoka.

"Wazee wote wa milimani huzipenda. Wakizisikia huvua kofia kabisa."

Alicheka. Nikamwambia zile nzuri hasa hazimo dukani. Zimo nyumbani kwangu Kanduyi, huko Bungoma, ndani ya sanduku la bati, na nitamletea wiki ijayo. Sikuwahi kuuza kitu kutoka kwenye sanduku lile. Lakini nina miaka sabini na moja, masikio yamenitoroka, na watoto wangu hawajui tofauti ya benga na kengele ya shule. Nilitaka ziende kwa mtu atakayezisikiliza.

Ni lazima niseme habari za sanduku hilo.

Mke wangu aliitwa Phelista. Yeye peke yake ndiye aliyeniita Khaemba, hivyo hivyo, bila mzee na bila baba fulani, hata mbele ya wageni. Miaka tisa iliyopita aliugua, tukampeleka hospitali ya Lugulu, akalala kule wiki tano. Wiki ya pili aliniambia nimletee redio ndogo ya kurekodi na kaseti chache za kumliwaza. Nikamuuliza ya kurekodi ya nini. Akasema, "Kuna maneno nataka kukuachia. Nikikuambia uso kwa uso utanikatiza."

Ni kweli, ningemkatiza. Miaka thelathini na minane nilimkatiza.

Alipofariki, dada yake Nakhungu alikusanya vitu vyake hospitalini, na kwa sababu nyumba ilikuwa inajaa waombolezaji, akazimwaga kaseti zote ndani ya sanduku pamoja na zangu. Zile nilizompelekea nilikuwa nimezikusanya bila kuangalia, ikawa sijui ni ipi. Na sikutafuta. Niliogopa, basi. Nilijua Phelista atanigombeza ndani ya kanda hiyo, na nilijua atakuwa na haki. Mwaka ukapita, mwingine ukapita, nikasema nitatafuta nikiwa na nguvu.

Nilipojipa moyo ilikuwa imepita miaka sita, na masikio yalikuwa yameanza kwenda. Kila kaseti ina vitundu viwili mgongoni. Ya dukani haiwezi kurekodiwa juu yake mpaka uzibe kitundu kwa selotepu. Nikachambua zote zenye selotepu, nikazicheza moja moja, kichwa nimekilaza kwenye spika, nikitafuta mahali ambapo wimbo umekatwa na maneno yameingia. Hakuna wimbo uliokatwa. Zote zilikuwa nzima. Nikaamua kwamba hakuwahi kurekodi, kwamba ugonjwa ulimshinda kabla. Nilimkasirikia. Amelala kaburini nyuma ya jiko, na mimi nimesimama dirishani nimemkasirikia kwa kuniahidi.

Jumamosi iliyofuata nilimkabidhi Chelagat kanda zake kumi ndani ya boksi la viatu, na "Njia ya Naitiri" kutoka ndani ya sanduku ilikuwa ya nane. Nikampa na masharti, kwa sababu siwezi kumpa mtu kitu bila masharti.

"La kwanza. Albamu ni safari, si duka la kuchagua. Unaanza upande wa kwanza, unageuza, unasikiliza upande wa pili hadi mwisho, hadi kitufe cha mashine kiruke chenyewe. Usizime wimbo ukiisha. Sikiliza hadi mwisho kabisa."

"Sawa, mzee."

"La pili. Hizi ni kanda za zamani, na watu walikuwa wakirekodi ovyo. Ukikuta mtu anaongea humo, mhubiri, mtoto analia, matanga, futa. Bonyeza kitufe chekundu pamoja na cha kuchezea, uache iende. Mkusanyiko wa muziki hauwekwi takataka."

Akaandika yote mawili kwenye simu yake kama mwanafunzi.

Sharti hilo la pili lilikuwa la biashara yangu ya miaka mingi. Zamani nilinunua kanda kuukuu kwa magunia, nikizifuta na kurekodi nyimbo upya. Zilikuja na kila kitu. Watu wa kwetu walipenda kurekodi matanga, hotuba za wazee, salamu za kumpelekea kijana aliyeko Nairobi. Nilifuta zote bila kusikiliza. Siku moja alikuja mtu mmoja, Barasa, kutoka upande wa Bungoma, akiuliza kanda moja ya bluu ambayo mkewe aliuza kwangu kwa makosa.

"Sauti ya mama irikuwa hapo, mzee. Ni hiyo tu tulikuwa nayo."

Nilimwambia mama yake sasa anaimba rumba. Duka lilikuwa limejaa, na kila mtu alicheka. Barasa alisema asante, akaenda zake. Asante! Nimemkumbuka mtu huyo mara nyingi mwaka huu.

Chelagat alirudi baada ya wiki tano, mvua sasa ikinyesha kweli. Alikuwa na daftari, na ndani ameandika kila albamu na alichofikiria. Rumba aliipenda. Taarabu ilimchosha mara ya kwanza, kisha akagombana na bosi wake na akaielewa. Kanda ya magitaa na farasi aliisikiliza na mama yake, na mama akalia kwa ajili ya babu. Alikuwa akiongea haraka kwa furaha na mimi nilikuwa nakamata neno hapa na neno pale, nikiitikia kwa kichwa.

"Ile ya litungu ndiyo nzuri kuliko zote," alisema. "Si hata ilinishtua. Nyimbo zikaisha, nikaacha iende vile ulisema, nikajua imeisha. Imekaa kimya kama dakika mbili. Halafu mwanamke akaanza kuongea."

Nilidhani nimekosea kusoma midomo yake.

"Nani aliongea?"

"Mwanamke. Pale mwisho kabisa. Nilifuta, usijali. Nilifanya vile ulisema."

Niliketi juu ya kreti. Mwishoni. Baada ya wimbo wa mwisho, kwenye mkanda mtupu uliobaki. Phelista hakukata wimbo wowote kwa sababu alijua ninavyozipenda, na mimi nilikuwa nimetafuta wimbo uliokatwa. Nimewaambia watu wangapi wasizime wimbo ukiisha? Na hata leo sijui kama nilizima mapema siku ile, au kama nilikaa pale na kichwa kwenye spika na yeye akaongea mpaka akamaliza, na mimi nisisikie kitu.

Chelagat aliinama. "Mzee, uko sawa?"

Ningeweza kumwambia. Lakini alikuwa amekuja na daftari lake na uso uliojaa furaha, na alichofanya ni kunitii tu. Nilichukua kitabu changu kikubwa cha kaunta.

"Huwa naandika kasoro za kila kanda," nilidanganya. "Niandikie alichosema. Kila kitu unachokumbuka."

"Sikusikiliza sana. Ulisema ni takataka."

"Andika hicho kidogo."

Aliandika taratibu, akisimama kufikiri, akiuma kalamu. Nilitazama mkono wake ukienda. Alipomaliza, aligeuza kitabu kikanielekea, nami nikasoma.

*Alikohoa kwanza. Akasema ameongea hapa mwisho ndiyo asiharibu nyimbo. Akasema najua siku moja utafika mwisho. Akasema nilikuwa nataka kukuambia kitu ambacho sijawahi kukuambia, nacho ni*

Hapakuwa na zaidi.

"Nacho ni nini?"

"Hapo ndipo niliirudisha nyuma nikabonyeza," alisema.

Nilisoma tena. Nilisoma mara ya tatu, nikitumaini kama mjinga kwamba maneno yataongezeka. Maji yalinijaa machoni, nikajifanya natafuta miwani chini ya kaunta, na nilikaa kule chini kwa muda mrefu kuliko mtu anavyotafuta miwani.

Niliponyanyuka, nilimwuliza sauti yenyewe ilikuwaje. Alisema ilikuwa ya chini na ya kuchoka, lakini si ya huzuni, kama mtu anayetaka kucheka na kifua kinamkataza. Hapo nilijua hakika. Hiyo ni sauti yake.

"Ni nani, mzee? Unamjua?"

"Hapana," nilisema. "Watu walikuwa wakirekodi ovyo."

Alianza kufunga boksi lake la viatu. Alitaka nyingine kumi, na nikamwahidi kwamba nitafikiria. Alipofika mlangoni aligeuka, mwanga ukiwa mgongoni mwake, ikabidi nisogee ili nione midomo.

"Nimesahau kitu kimoja. Alikuwa anamwita mtu. Mara mbili, tatu hivi. Khaemba. Hilo ni jina la huko kwenu Bungoma?"

"Ni la huko," nilisema. "Wako wengi sana."