Nilivyoipunguzia Bromelia ya Ikupa

Vumbi la Bariadi halichagui. Msimu wa pamba malori yanapita tangu alfajiri, na vumbi linapanda, linageuka dhahabu kwenye jua la asubuhi, kisha linashuka taratibu juu ya mabati, juu ya masufuria yangu, juu ya kope za mbuzi. Linashuka kila mahali. Ila kwenye baraza ya Ikupa kuna majani yasiyojua vumbi, kwa sababu binti yangu huyafuta moja moja, kwa kitambaa chenye maji, kama anamnawisha mtoto uso.

Mama mwenzangu, sikia. Wivu hauji na panga. Unakuja na kitambaa chenye maji.

Ikupa ni jirani yetu, mtumishi wa serikali, kahamishiwa huku kutoka Tukuyu, kwao mvua haina adabu, inanyesha hata isipoalikwa. Hana mtoto. Ana chungu kimoja, na ndani yake mmea ambao mimi, siku ya kwanza, niliuita nanasi.

"Mayu, siyo nanasi!" Binti yangu Ng'washi akacheka. "Ni bromelia. Nanasi ni ndugu yake tu. Angalia majani yalivyoshikana katikati, yakawa kikombe. Angalia hii mistari, kama kapakwa majivu. Na ua lake la pinki. Huyu maji anayanywea kwenye kikombe, siyo mizizini."

"Na mbu je, hawazalii humo?"

"Tunayamwaga, tunaweka mapya. Mama kanifundisha."

Mama. Mimi huniita mayu, mama kwa Kisukuma chetu, lakini nikageuka, nikidhani ananitaja mimi. Masika yalianza akimwita Ikupa anti. Masika yaliisha akimwita mama.

Nani alijua kwanza kwamba anataka kwenda Morogoro kusomea kilimo? Ikupa. Nani anamsaidia maombi ya chuo? Ikupa. Mimi niliyemzaa, mimi niliyembeba mgongoni nikipalilia, nilizisikia habari hizo bombani, midomoni mwa watu. Nikauonea wivu mmea, mama mwenzangu. Nikayaonea wivu majani.

Mwezi wa sita Ikupa akaenda likizo kwao, akamwachia Ng'washi ufunguo wa geti. Haikupita wiki, bibi yake Ng'washi akaugua kule Lalago. Ng'washi akafunga safari, ufunguo akaniwekea mkononi.

"Mayu, maji kwenye kikombe. Basi. Kingine usihangaike nacho."

Nikaingia. Ua lilikuwa limeanza kukauka ncha. Na chini, ubavuni mwa mmea, yalikuwa yamechomoza machipukizi matatu, yamemkumbatia mama yao, yananyonya.

Mimi nimekulia kwenye pamba. Pamba ikishaota unapita ukipunguzia: kila shimo unaacha miche miwili, mingine unang'oa, unashindilia udongo kwa kidole gumba, unasogea. Ukiuonea huruma mche mmoja, umeua shamba. Nikajiambia, namsaidia. Wanamnyonya, ndiyo maana ananyauka. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Lakini mkono, mama mwenzangu, mkono ulikuwa na furaha. Nikang'oa la kwanza. Nikang'oa la pili. Nikang'oa la tatu. Nikawatupia mbuzi.

Ng'washi aliporudi alipiga magoti mbele ya chungu.

"Huwa anatoa ua mara moja tu," akasema, sauti iko chini. "Akishatoa, anakufa. Wanaobaki ni hawa watoto, mayu. Tumewasubiri mwaka mzima." Kisha, bila kunitazama: "Ni mbuzi walioingia?"

Mlango wa uongo aliufungua yeye. Mimi nikapita. "Ni mbuzi," nikasema.

Lakini udongo wa chungu ulikuwa na alama tatu za kidole gumba, umeshindiliwa vizuri, kama shambani. Mbuzi gani anang'oa mche halafu anafukia shimo? Aliziona. Najua aliziona, kwa sababu alizifuta kwa kiganja chake.

Siku Ikupa aliporudi nilikuwa naanika nguo, nikayasikia yote juu ya ukuta.

"Geti sikulifunga, mama. Nisamehe."

"Kitu kimoja nilikuomba, Ng'washi. Kimoja! Naomba ufunguo wangu."

Basi nikampata. Binti yangu sasa anashinda nyumbani. Anaosha masufuria yangu, anafuta meza yangu, anasema "ndiyo mayu", anasema "hapana mayu", na zaidi ya hapo hasemi. Usiombe ushinde hivyo, mama mwenzangu. Nimemng'oa kule, na kwangu hajashika mizizi.

Siku ya nne nikashindwa. "Ng'wanone, mwanangu, chuo unaenda lini?"

"Siendi. Aliyekuwa ananisaidia maombi hataki kuniona." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja bei ya chumvi. Na jina la aliyeng'oa hakulitaja, hata pale, hata tukiwa wawili tu.

Nikaacha mwiko ndani ya ugali. Nikatoka mikono ina unga, nikagonga geti la Ikupa.

"Nani?"

"Mama Ng'washi."

"Kuna nini tena, mama Ng'washi?"

Nilijua nikiusema ukweli, namrudisha mtoto wangu mikononi mwa mwanamke huyu, na Morogoro ni mbali, na huenda asinirudie kwa moyo wote. Nilijua hilo. Nyuma yangu ndala za Ng'washi zikasimama barabarani.

"Dada Ikupa," nikasema, na geti bado limefungwa, "yule mbuzi ni mimi."