Kabati Lililokula Ishirini

Haki ya Mungu, haya yalitokea. Sikuyaota, sikusimuliwa na mlevi, wala sikuyatia chumvi hata ya kuonja. Kama kuna neno la uongo humu ndani, anayelijua na anishike shati mbele ya watu, nami nitalipa papo hapo. Mashahidi ni nyinyi.

Mwaka wa sabini na nane, pale mtaani Jericho, nyumba ya tatu kutoka kwenye bomba la maji, mama mmoja aitwaye Kavata alikuwa akiliogopa kabati lake mwenyewe.

Kwa macho lilikuwa kabati la kupendeza. Milango miwili ya kioo, miguu minne iliyochongwa kama kwato. Mumewe Munyoki, dereva wa lori la unga kule Viwandani, alilileta Jumamosi moja ya Januari huku akipiga mluzi, na viti vyake vinne nyuma. Alikuwa ametia sahihi katika duka moja la fanicha mjini, kwamba atalipa shilingi tisini kila mwezi kwa miezi ishirini. Kavata aliichukua ile karatasi akaisoma yote, mpaka yale maandishi madogo ya chini ambayo Munyoki alidhani ni anwani ya mpiga chapa. Yalisema hivi: mnunuzi akilipa pungufu mara mbili, duka litachukua fanicha yake, pamoja na kitu kingine chochote cha nyumbani kitakachofidia hasara.

"Kitu kingine kama nini?" Kavata aliuliza.

Munyoki alitazama huku na huku. Chumbani mlikuwa na kitanda, meza kuukuu, jiko la mafuta ya taa na cherehani.

"Kitanda chetu hawawezi kukitaka. Kinalia."

"Sijakuuliza habari ya kitanda, Baba Nzilani."

Munyoki akaigeukia cherehani, maana alijua. Cherehani ile ndiyo iliyowalisha mwaka aliofutwa kazi. Kavata alishona sare za shule za nusu ya mtaa, mguu wake ukikanyaga kuanzia mtoto Nzilani anapoamka hadi anaposinzia. Mtu angeweza kumchukulia viatu, akamchukulia hata paa, akabaki Kavata. Ukimchukulia cherehani, umemaliza.

Basi wakafanya mpango. Kila siku ya mshahara, kabla Munyoki hajavua hata koti, waliketi mezani na makopo matano matupu ya mafuta ya kupikia. Kila kopo Kavata alikuwa amelifunga uzi wa rangi yake. Mweupe ulikuwa wa kodi, kijani wa chakula, manjano wa kanisa, mweusi wa ugonjwa na misiba, na mwekundu wa deni. Munyoki alihesabu noti, Kavata akaandika kwenye daftari.

"Na kopo la Baba Nzilani liko wapi?" Munyoki aliuliza mwezi wa kwanza. "Mwanamume asipate hata ya sigara?"

"Lako lina uzi usioonekana."

"Ndani mna nini?"

"Hewa. Vuta hiyo."

Walicheka. Siku hizo walikuwa bado wanacheka.

Sasa, duka lile lilikuwa na karani wake wa mtaani. Jumamosi ya kwanza ya mwezi alikuja kukagua fanicha, ya pili akaja kuchukua pesa. Alikuwa mtu mrefu, koti la kijivu, baiskeli isiyo na kengele. Hakubisha hodi kama watu. Alisimama nje ya mlango akakohoa mara tatu, na ndani ya nyumba kila kitu kilisimama, hata cherehani. Mfukoni alikuwa na kalamu nyekundu. Ukilipa pungufu, alikuchorea msalaba kitabuni. Misalaba miwili, lori linakuja.

"Deni lina uzito, Mama Nzilani," alimwambia Kavata siku ya ukaguzi wa kwanza, akiligonga kabati kwa kifundo cha kidole. "Msipolipa vizuri, mti huu utazidi kuwa mzito. Nimeona nyumba ambazo sakafu imepasuka. Mkitaka lisiwalemee, hela yake ikae juu yake. Kabati lijue linakumbukwa. Na nikilikagua, tokeni nje wote. Kabati halisemi kweli mbele ya mdeni."

Kavata alitaka kucheka, lakini yule mtu hakucheka. Na mwenye kalamu nyekundu hubishani naye. Kopo la uzi mwekundu likawekwa juu ya kabati.

Februari lori lilikuja kwa jirani yao, Kageha. Lilikuja mchana, watu wakitazama, likabeba kitanda, meza, na sufuria za mandazi alizokuwa akiuzia pale langoni. Kavata aliingia baadaye kumpa pole, akakuta chumba kitupu na alama nne za miguu ya meza juu ya saruji. Kageha hakujibu salamu. Mara ya mwisho alionekana akielekea Mukuru kwa Njenga, godoro kichwani, na hakuna aliyepata habari zake tena.

Machi, siku ya kulipa, Kavata alifungua kopo jekundu akakuta sabini.

Alihesabu tena. Sabini. Yeye mwenyewe alikuwa ameweka noti nne za ishirini na moja ya kumi. Alichota ishirini kutoka kopo la chakula kabla kikohozi hakijafika mlangoni, na wiki mbili wakala sukuma wiki bila hata kitunguu. Kavata hakumwambia Munyoki. Alidhani labda yeye ndiye aliyehesabu vibaya.

Aprili ikawa sabini tena. Safari hii makopo yote yalikuwa makavu, maana Nzilani alikuwa ameugua kifua. Karani alizipokea zile sabini, akalamba ncha ya kalamu, akachora msalaba polepole kama mtu anayechora ua.

"Mmoja," alisema, akaitazama cherehani. Hakulitazama kabati. Aliitazama cherehani.

Tangu siku hiyo Kavata alianza kusikia kabati. Mchana kweupe, yuko peke yake, lilitoa mlio mdogo, kak, kama mtu anayekunja kidole. Akijaribu kulisogeza afagie, halikusogea. Munyoki naye alisukuma kwa bega, yeye anayebeba magunia ya unga, likakataa. Kisha wakaona ufa sakafuni. Ulianzia kwenye mguu mmoja wa kabati ukaelekea, bila kupinda, upande wa cherehani.

Siku ya mshahara ya Mei walihesabu bila maneno. Kavata aliandika tisini. Munyoki alisema, "Tisini," kama shahidi wa kortini. Hakuna aliyetaja sigara.

Kesho yake, Munyoki alipokwenda kuoga, Kavata alichukua chaki yake ya fundi, ile ya buluu ya kuchorea vitambaa, akaisaga, akazipaka noti zote vumbi lake. Kisha akaanza kuvizia mikono ya mumewe. Alimpa sahani akatazama viganja. Alimshika mkono wakienda kwa jirani, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu wachumbiane, na Munyoki akashtuka.

"Una nini, mama?"

"Kwani mtu hawezi kumshika mumewe?"

"Anaweza. Lakini wewe unanishika kama askari."

Jioni ya Ijumaa, kesho ikiwa ni ukaguzi, Kavata alipanda kiti alichungulie kopo. Akaona kitu. Unywele mmoja, mweusi, mrefu, umebandikwa kwa mate kutoka kifuniko hadi ubavu wa kopo. Unywele wake mwenyewe. Aligeuka, akamkuta Munyoki amesimama mlangoni, amejaa aibu mpaka shingoni.

"Ni wewe umeuweka?"

"Nimeutoa kwenye kitana chako."

"Ukidhani mimi ndiye mwizi?"

"Na hicho ulichonipaka mimi nilipochungulia jana, ni nini?" Munyoki akatoa kitambaa mfukoni, kimejaa buluu. "Nimenawa mikono mara tatu nikiogopa utaniona."

Hapakuwa na wa kumcheka mwenzake. Mwishowe Kavata alikaa kitini, akaanza kulia, Munyoki akakaa sakafuni kando yake, juu ya ule ufa.

"Kama si mimi, na si wewe," alisema polepole, "humu ndani kuna nani mwingine?"

Wote wawili wakaligeukia kabati. Nalo, naapa, likasema kak.

Wakahesabu, tisini zote zilikuwapo. Wakautega mtego upya, chaki na unywele. Jumamosi karani alikohoa, akaingia, akawatoa nje, akakagua, akaondoka na baiskeli yake. Kavata aliingia wa kwanza. Unywele umekatika. Kopo lina sabini. Na walipofungua mlango wa kabati, ndani kabisa, pembeni mahali ambapo mkono wa mtu haufiki, palikuwa na alama ya buluu, ndefu, yenye unyevu, kama ya ulimi.

Hapo ndipo huwa ninanyamaza. Watu hunung'unika, mmoja huninunulia chai, nami huwaambia kwamba deni lilipoisha kabati lilifunguka lenyewe likatapika noti tatu za ishirini. Nimeisimulia hivyo karibu miaka kumi, mengine nimeyaokota kwa majirani wao, nimekaa kwenye kibao cha Maingi, fundi wa viatu vya tairi pale Kariokor, na hakuna aliyewahi kunishika shati.

Jumamosi iliyopita nilipofika kwenye ulimi, sauti ya mwanamke ilisema nyuma yangu:

"Ulimi?"

Niligeuka. Mama mmoja wa makamo, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi mwa Maingi. Nywele zimeingia mvi. Macho ni yale yale.

"Endelea, Karani Patrobas," alisema Kavata. "Waambie na habari ya kabati kupasua sakafu. Ule ufa tuliukuta tulipohamia."

Nilisikia koti langu la kijivu likinibana kwapani.

"Halafu kabati lilikuwa zito kwa sababu Munyoki alikuwa ameficha chini ya ubao wake wa chini vipande vya mpingo vya kuchonga. Aliogopa nitajua anatumia pesa kununua mti, ndiyo maana alijifanya halisogei. Na mlio ni mti mbichi uliokuwa unakauka. Duka lenu liliuza miti mibichi, au hukujua?"

"Mama Nzilani..."

"Sijamaliza. Hakukuwa na alama yoyote ndani ya kabati. Alama ilikuwa hapa." Alinyoosha kiganja chake. "Ulipotoka siku ile ulinipa mkono. Ulisema, 'Kabati lina afya njema.' Nikabaki na buluu mkononi, nimekodoa macho kwenye mgongo wa koti lako mpaka ulipokata kona."

Maingi aliacha nyundo. "Sasa mama, kwa nini hukupiga kelele?"

"Nipige kelele, yeye ana kalamu na mimi nina msalaba mmoja? Nani angeaminiwa?" Hakupandisha sauti hata kidogo. "Niliuza gauni langu la kanisa kwa jirani, shilingi ishirini, nikakulipa tisini. Ulizihesabu ukinitazama usoni. Pesa za mwezi uliofuata zikakaa kwenye droo ya cherehani, karibu na goti langu. Kwenye kopo niliweka vifungo."

Hayo alisema kweli. Vifungo ishirini vyeupe, vya sare. Nilifungua kopo siku ya ukaguzi wa Juni, nikajua amenijua, nikakirudisha kifuniko polepole. Miezi yote iliyobaki niliingia nyumba ile nikikohoa, nikachukua tisini zangu, nikachora tiki. Kila Jumamosi ya pili nilingoja aseme. Hakusema. Mwaka wa mwisho mimi ndiye niliyekuwa nikiogopa lile kabati.

Mtauliza kwa nini. Na mimi nilikuwa na kabati la duka lile lile nyumbani kwangu, na watoto watano, na karani wa kwangu aliyekuja kunikagua. Nilimwambia Kavata hivyo pale pale.

"Najua," alisema. "Munyoki aliliona lori lenu likilichukua. Alinikataza nisicheke." Akafungua mkoba akatoa daftari kuukuu, jalada limeliwa na mende. "Tangu nisikie kuna mzee Kariokor anayesimulia kabati la Jericho, natembea nalo. Machi ishirini, Aprili ishirini, Mei ishirini."

"Mbao tatu, mzee, shilingi sitini," Maingi alisema, na wanaume wote wa kibarazani wakaitikia. "Uliapa utalipa papo hapo! Sisi ni mashahidi!"

Nilitoa vyote vya mfukoni. Shilingi thelathini na saba, na tembe mbili za kichwa.

Kavata alihesabu, akaandika. Kisha akalitazama koti langu kama nilivyoitazama cherehani yake mwaka ule, bila haraka, kuanzia kola mpaka pindo.

"Vua."

"Mama, baridi hii ya Julai?"

"Ishirini na tatu zimebaki. Na ukilipa pungufu mara mbili, nitaangalia una nini kingine."

Nilivua. Alilikunja vizuri, kama fundi anayejua kitambaa, akavaa kiatu chake akaenda zake. Tumepatana Jumamosi ya pili ya mwezi ujao. Nimeanza kuweka akiba kwenye kopo, na Maingi amekataa likae karibu naye.